Edmonton walifunga uwanja wa ndege wa katikati ya jiji ili wajenge mtaa. Ardhi kama hiyo ikiachwa wazi, nani aishike?

MpimaMipaka

Habari za jioni wakuu.

Kila mara hoja ya kuhamisha uwanja wa ndege ulioko mjini inapoibuka humu jamvini, mjadala huishia kwenye swali la ndege ziende wapi. Swali la pili, yaani ile ardhi inayobaki itakuwa chini ya nani na watakaa akina nani, huguswa juu juu tu. Naleta mfano wa Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, jiji ninaloishi. Nilisomea upimaji nyumbani na ndiyo kazi inayonilisha hapa, kwa hiyo mradi huu nimeufuatilia kwa macho ya mtu wa ramani. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Uwanja wenyewe uliitwa Blatchford Field, kwa heshima ya Kenny Blatchford aliyekuwa meya. Ulipata leseni mwaka 1926, na unatajwa kuwa wa kwanza wa manispaa kupewa leseni Kanada nzima. Enzi hizo ulikuwa shamba pembeni mwa mji. Watu wa hapa wanaukumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni Januari 1929, marubani Wop May na Vic Horner waliporuka na kindege kisicho na paa, kwenye baridi ya kaskazini ambayo usipoionja huwezi kuielewa, kupeleka dawa ya dondakoo kwa watu wa Fort Vermilion. Waliporudi walipokelewa na umati wa maelfu. La pili ni Vita Kuu ya Pili. Ndege zilizotoka viwandani Marekani kwenda Alaska, na kutoka huko kukabidhiwa Warusi, zilipita hapa kwa wingi mpaka uwanja ukazidiwa, ikabidi ujengwe mwingine Namao, kaskazini ya jiji. Nayasema haya mjue kwamba aliyesimama kusema "tufunge" alikuwa anagusa kitu ambacho mji mzima unajivunia.

Mji ukakua, ukauzunguka. Mwaka 1960 uwanja mkubwa wa kimataifa ukafunguliwa kusini, upande wa Leduc. Kwa zaidi ya miaka thelathini jiji likawa na viwanja viwili vinavyogombania abiria walewale. Mwaka 1992 wananchi walipiga kura wakataka safari za ratiba zibaki mjini. Mwaka 1995 wakaulizwa tena, safari hii asilimia 77 wakakubali zihamie kule. Kuanzia hapo uwanja wa mjini ukabaki na ndege za kukodi, shule za urubani na ndege za wagonjwa. Hekta 217, dakika chache kutoka katikati ya jiji, jirani na hospitali kubwa na chuo cha ufundi cha NAIT, zikitumiwa na watu wachache.

Kuna jambo moja la uwanja wa mjini ambalo wengi hawalihesabu. Ardhi unayoikalia ndani ya uzio ni sehemu tu ya ardhi unayoitawala. Ndege ikipaa na kutua inahitaji anga tupu mbele yake, kwa hiyo majengo ya katikati ya Edmonton yaliwekewa ukomo wa urefu kwa miongo mingi. Uwanja ulipofungwa ukomo ule ukaondoka, na leo Stantec Tower ina ghorofa 66 na mita 251. Kwa hiyo thamani ya kufunga ilianza kuonekana nje ya uzio kabla haijaonekana ndani.

Julai 2009 baraza la jiji, chini ya Meya Stephen Mandel, likapiga kura 10 kwa 3 kuufunga hatua kwa hatua. Barabara moja ya kurukia ilifungwa 2010. Waliopinga wakakusanya sahihi kwa maelfu ili iitishwe kura ya wananchi, karani wa jiji akaikataa petisheni yao, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Tarehe 30 Novemba 2013 uwanja ukafungwa kabisa.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Naendelea chini, ila kama kuna swali kuhusu sehemu hii karibuni.

WaLangata

Mleta uzi, shukrani sana. Mimi niko Nairobi, na nimesoma nikiwa na uwanja wetu wa ndege wa Wilson kichwani. Wilson imebanwa na Langata Road upande mmoja na mbuga ya wanyama upande mwingine, na mitaa imejaa pande zilizobaki. Kila baada ya muda tunasikia mtu akisema ihamishwe. Shida yangu ni moja. Pale Wilson ndipo ilipo kambi ya AMREF Flying Doctors. Mtu akiumia Lodwar au Mandera, au hata nje ya Kenya, analetwa Wilson na kutoka hapo ni safari fupi hadi hospitali. Hizo ndege za wagonjwa za Edmonton walizipeleka wapi? Ama waliamua ghorofa ni muhimu kuliko mgonjwa?

MpimaMipaka

Kaka wa Langata, umegusa hoja iliyokuwa nzito kuliko zote, na mimi naiheshimu mpaka leo. Wagonjwa wa kaskazini ya Alberta wanatoka mbali sana, na Royal Alexandra, moja ya hospitali kuu, iko jirani kabisa na ule uwanja. Ndege ikitua, gari la wagonjwa lilikuwa na safari ya dakika chache. Kuhamia uwanja wa kimataifa maana yake ni kuongeza safari ya barabarani kutoka nje ya jiji, na madaktari na watu wa kaskazini walilisema hilo waziwazi.

Walichofanya ni kujenga kituo maalumu cha wagonjwa kwenye uwanja wa kimataifa, mahali ambapo mgonjwa anapokelewa ndani, mbali na baridi, anahudumiwa na kutulizwa kabla ya kuendelea na safari. Kituo kilianza kazi Machi 2013. Uwanja wa mjini ulifungwa Novemba mwaka huohuo. Mpangilio huo wa tarehe ndio ninaoomba uushike. Kipya kilianza kufanya kazi, kikajaribiwa, ndipo cha zamani kikafungwa. Ikiwa siku moja Nairobi itafikia kuizungumzia Wilson kwa dhati, basi sharti la kwanza liwe hilo, na liandikwe kwa kutaja tarehe ya kituo kipya kufunguliwa, siyo "serikali itaangalia namna". Ndege za miraa na za watalii zinaweza kutafutiwa mahali. Mgonjwa hana muda wa kutafutiwa.

MpimaMipaka

Naendelea na sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini.

Jiji lilikuwa na njia tatu. Kuuza hekta zote kwa kampuni moja na kuchukua fedha. Kuingia ubia na mwendelezaji mkuu. Au kubaki na ardhi, kujenga barabara, mabomba na bustani kwa mfuko wake, kisha kuuza viwanja vilivyokamilika kwa wajenzi mbalimbali, kila kiuzwacho kikiwa na masharti yake. Walichagua ya tatu. Halmashauri ya jiji ndiyo mwendelezaji. Ni uamuzi wa nadra sana kwa eneo la ukubwa huu, na faida na matatizo yote ya Blatchford yanatoka hapo.

Kabla ya hapo waliitisha shindano la wabunifu, na mwaka 2011 wakaichagua timu iliyoongozwa na Perkins+Will. Picha yao ilikuwa mtaa wa watu wapatao 30,000, unaotembeleka kwa miguu, wenye bustani kubwa katikati inayofuata mistari ya barabara za kurukia, ili anayepita ajue palikuwa na nini. Karakana kubwa ya mbao ya wakati wa vita, Hangar 14, ikabaki, ikawekwa humo jumba la makumbusho ya usafiri wa anga. Lami na zege la njia za ndege likasagwa na kutumika tena chini ya barabara mpya. Yapo mambo yaliyokatwa njiani kwa sababu ya gharama, kwa mfano ule mfumo wa kunyonya taka kwa hewa kupitia mabomba ya chini. Nadhani walifanya vyema kuukata.

Kitu ambacho hawakukikata ni nishati. Mtaa huu hauna bomba la gesi. Kwa mtu wa Dar hilo linaweza lisimshtue, lakini hapa ni Alberta, jimbo linaloishi kwa mafuta na gesi, ambako baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri na karibu kila nyumba ina tanuru la gesi. Badala yake jiji limetoboa mashimo 570, kila moja mita 150 kwenda chini, likayaunganisha na mtandao wa mabomba unaofika kwenye kila jengo. Mashimo yako chini ya bwawa la kukusanyia maji ya mvua, kwa hiyo hayakula hata kiwanja kimoja. Mtambo ulianza kazi mwishoni mwa 2019, na wakazi wa kwanza waliingia 2020.

FundiBombaTabata

Mkuu hapo kwenye mashimo fafanua kidogo. Ni mvuke wa chini ya ardhi kama kule Olkaria, Kenya? Na je, si gharama kubwa mno kuliko kuweka gesi tu?

MpimaMipaka

Siyo kama Olkaria, fundi. Olkaria wanachimba kilomita kadhaa kufuata mvuke wa moto, kwa sababu Bonde la Ufa limeleta joto karibu. Hapa hakuna mvuke. Ukishuka mita 150 unakuta ardhi yenye ubaridi wa kawaida, ila haibadiliki sana kiangazi wala kipupwe. Maji yanazunguka kwenye mabomba, na kila jengo lina pampu ya joto. Wakati wa baridi pampu inavuta joto kutoka kwenye yale maji na kulipandisha hadi la kutosha kupasha nyumba. Wakati wa kiangazi inafanya kinyume, inatoa joto la nyumba na kulirudisha ardhini, likakae mpaka msimu wa baridi. Kwa hiyo bomba moja linapasha na kupooza. Mpango ni kuongeza chanzo kingine baadaye, joto la majitaka kwenye bomba kuu la jiji, maana majitaka hutoka majumbani yakiwa bado na uvuguvugu.

Gharama ya kuanza ni kubwa kweli. Lakini wewe ni fundi, unajua hili kuliko mimi. Bomba linalopita chini ya barabara huwekwa kabla ya lami. Ukishajenga nyumba elfu kumi zenye gesi, nani atakuja kufukua mtaa mzima kuzibadilisha? Ndiyo maana naona jiji lilifanya sahihi kuliweka hili mwanzo, hata kama kwa miaka ya kwanza mtandao unahudumia watu wachache kuliko uwezo wake. Na kampuni inayouza hiyo nishati, Blatchford Renewable Energy, ni ya jiji lenyewe.

NyasaKwetu

Umesema "watu wachache" kwa upole sana. Nimetafuta nimeona malalamiko. Uwanja umefungwa 2013, lengo watu 30,000, na mpaka 2024 wakazi walikuwa mamia tu. Hekta zaidi ya mia mbili zimekaa majani zaidi ya miaka kumi! Mkuu, kwa hali hiyo wale waliosema uwanja ubaki si walikuwa sahihi? Bora ndege zingekuwa zinaendelea kulipa.

MpimaMipaka

NyasaKwetu, namba zako ni sahihi na sitazipinga. Ongeza na hili. Njia ya treni ya mjini ilirefushwa hadi ndani ya mtaa na kufunguliwa Januari 2024. Kati ya vituo viwili vipya, kimoja, Blatchford Gate, kilikuwa kimejengwa kikakamilika lakini hakikufunguliwa kwa abiria wakati huo, kwa sababu hapakuwa na wakazi wa kupanda. Madiwani wenyewe wamehoji mwendo wa mradi hadharani.

Lakini turudi kwenye sababu. Kwa maoni yangu tatizo halikuwa mashimo, wala jiji kushika ardhi. Tatizo ni aina ya nyumba walizoanza nazo. Walianza na nyumba za kuungana za kuuza, za ubora wa juu, kwa watu wenye kipato cha kati kwenda juu wanaojali mazingira. Mnunuzi wa namna hiyo yupo, ila ni wachache, na hapa Edmonton ana chaguo jingine. Pembezoni mwa jiji hili ardhi ni tambarare na haina mwisho, wajenzi wanamuuzia nyumba kubwa yenye uwanja na gereji mbele. Aje Blatchford aishi miaka kumi kati ya magreda kwa sababu gani?

Wangeanza na maghorofa ya kupangisha pembeni mwa kituo cha treni. Jirani kuna NAIT yenye maelfu ya wanafunzi wa ufundi. Kuna wauguzi wa Royal Alexandra. Kuna sisi wahamiaji, ambao tukifika hapa kitu cha kwanza tunatafuta chumba karibu na usafiri, kwa sababu gari bado hatuna. Watu hao hawasubiri mtaa ukamilike ndipo wahamie. Wakiwepo, duka linafunguliwa, na duka likiwepo mnunuzi wa nyumba naye anakuja. Familia nyingi za Kiswahili hapa Edmonton, za Burundi, Kongo, Kenya na kwetu, zinaishi mbali kaskazini na kusini mwa jiji, zikipoteza saa nzima kwenye mabasi. Blatchford ilipaswa kuwa yao pia. Hilo ndilo linaloniuma kwenye mradi huu, siyo majani.

Kuhusu ndege kuendelea kulipa, hesabu ile ya majengo marefu ya katikati uiweke mezani. Kodi ya majengo inayotoka huko haikuwepo wakati wa uwanja.

Mzee wa Aurora

Jambo ndugu zangu. Miye ni mtu wa Bukavu, niko Aurora, Colorado, jirani kabisa na mtaa uliojengwa juu ya uwanja wa zamani wa Denver. Nimefurahi kusoma hii habari, niongeze yetu.

Uwanja uliitwa Stapleton. Ulifunguliwa 1929, ukafungwa Februari 1995 wakati Denver walipohamia uwanja mpya mkubwa huko mashariki. Ulikuwa mkubwa kuliko huo wenu mara nyingi, eka 4,700. Wao walikwenda kwa ile njia ya pili uliyosema. Mwaka 1998 walichagua kampuni moja, Forest City, iwe mwendelezaji mkuu, nayo ikawa inanunua ardhi vipande vipande kadiri inavyojenga, siyo yote mara moja. Lakini kabla ya kampuni hiyo kuja, wananchi na jiji walikuwa wamekwisha kuandika kitabu cha mpango mwaka 1995, watu wanakiita Green Book. Kitabu kilisema bustani ziwe wapi, shule wapi, kazi wapi. Kampuni ilikuta kitabu, ikalazimika kukifuata.

Wakazi wa kwanza waliingia 2002. Leo umejaa, watu ni makumi ya maelfu, bustani nzuri sana, treni ya kwenda uwanja mpya inasimama pale. Ule mnara wa kuongozea ndege bado umesimama, waliugeuza kuwa mahali pa kula. Ila bei ya nyumba, ndugu zangu, kwa mkimbizi ni ndoto. Sisi tunakaa upande wa pili wa barabara na tunakwenda kule kusafisha ofisi.

Na jina walibadilisha. Stapleton alikuwa meya wa Denver, na katika miaka ya 1920 alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan. Watu weusi walidai jina liondoke kwa miaka mingi. Mwaka 2020 wakazi wakakubali, sasa ni Central Park.

MpimaMipaka

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Hicho cha kitabu kuandikwa kabla ya mnunuzi kuja ndicho nilichotaka kukileta. Denver waliwahi kujaza mtaa kwa sababu walikuwa na mwendelezaji mwenye mtaji na haraka ya kuuza. Lakini ulivyosema kuhusu bei ndiyo gharama yake.

Kwenye bei, waliofanya vizuri zaidi kati ya niliowasoma ni Austin, Texas. Uwanja wao, Mueller, ulifungwa 1999, eka kama 700. Ulikuwa upande wa mashariki, wanakoishi zaidi watu weusi na Walatino, ambao kwa miaka mingi ndege zilipita juu ya mapaa yao. Wakazi hao walipigania ufungwe, na hawakuishia hapo, wakabaki kwenye meza ya mipango. Jiji likaingia mkataba na kampuni ya Catellus, na ndani ya mkataba ikaandikwa kwamba robo ya nyumba zote, asilimia 25, ziwe za watu wa kipato cha chini, za kupanga na za kununua. Tena hazikutengewa kona yake. Zimechanganywa na nyingine mitaa ileile. Na ukinunua kwa bei hiyo nafuu huwezi kesho kuuza kwa bei ya soko ukaondoka na faida yote, kuna taasisi ya mtaa yenye haki ya kwanza ya kuinunua ili abaki nayo mwingine wa kipato hichohicho. Hiyo asilimia ni ya mkataba, siyo ya ahadi ya kampeni.

Binti Pangani

Kaka, salamu kutoka Berlin. Huku wananchi walikataa kabisa, na ningependa hilo nalo lihesabiwe.

Tempelhof ilifungwa Oktoba 2008. Ni ule uwanja uliolisha Berlin Magharibi mwaka 1948 na 1949 wakati Wasovyeti walipofunga barabara. Mwaka 2010 uzio ulifunguliwa na watu wakaanza kuingia. Serikali ya jiji ikaja na mpango wa kujenga pembezoni tu, nyumba zipatazo 4,700, na kuacha katikati wazi. Tarehe 25 Mei 2014 Waberlin walipiga kura, asilimia 64 wakasema pasijengwe hata nyumba moja. Sheria ikapita. Mpaka leo unaendesha baiskeli juu ya njia ya kurukia, familia za Kituruki zinachoma nyama Jumapili, watoto wanarusha tiara, ndege wa porini wanataga kwenye nyasi. Mimi humpeleka mwanangu huko, na sijaona mahali pengine mjini ambapo mtu asiye na fedha anapata nafasi kubwa hivyo bila kuulizwa anafanya nini.

Najua kodi ya nyumba hapa imepanda vibaya na kila baada ya muda wanasiasa wanaurudisha mjadala. Lakini watu walipiga kura ile kwa sababu hawakuiamini serikali kwamba zile nyumba zingekuwa za kwao.

MpimaMipaka

Binti Pangani, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Tempelhof iko katikati ya mitaa iliyobanana, ile nafasi ina watumiaji tayari tangu siku ya kwanza. Blatchford imezungukwa na nyumba zenye bustani zake na maeneo ya biashara. Ukiiacha wazi, hapa kwenye baridi ya miezi mitano, itakuwa pori la theluji. Ardhi zinafanana kwa umbo tu.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo nzito. Hawakuamini. Na wenzenu Berlin wameonyesha upande mwingine kule Tegel: uwanja ulifungwa Novemba 2020, na humo umepangwa mtaa wa nyumba zaidi ya 5,000, unaoitwa Schumacher Quartier, pamoja na eneo la viwanda na vyuo. Hapo upinzani dhidi ya nyumba zenyewe haujawa kama wa Tempelhof. Jiji lilelile, wananchi walewale.

Mtoto wa Ilala

Wakuu mnaandika vizuri lakini hizo ni nchi zenye mahakama na madiwani wanaoogopa wapiga kura. Kwetu eneo la wazi likikaa mwaka mmoja bila mwenyewe kuonekana, unaamka unakuta ukuta na geti. Mtaani kwetu kulikuwa na uwanja wa watoto kucheza mpira, kwenye ramani ni eneo la wazi, leo kuna kituo cha mafuta na hakuna aliyetuambia liligeuzwa lini. Sasa hekta mia mbili si ndiyo zitaliwa kabisa? Kwa nini tusiache uwanja wa ndege ubaki uwanja wa ndege, angalau una uzio na askari?

MpimaMipaka

Ndugu yangu wa Ilala, hilo si jambo dogo na silipuuzi. Nimefanya kazi ya upimaji Dar kabla ya kuja huku, najua ramani yenye rangi ya kijani na eneo lenyewe likiwa na msingi wa zege. Kwa hiyo nakujibu kama mpimaji.

Eneo kubwa huliwa kwa sababu ni kipande kimoja kisicho na mipaka ya ndani. Ukisema "hekta mia mbili za umma" hakuna mwananchi anayejua ni zipi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kupima barabara na maeneo ya umma kwanza, kuweka mawe ya mipaka na kuyasajili hayo kabla ya kiwanja hata kimoja cha biashara. Shule ipate hati yake. Bustani ipate hati yake. Mtaro wa maji ya mvua upate njia yake. Barabara za mtaa zikishachongwa na watu wakaanza kuzipita kwa miguu na bajaji, kila jirani anakuwa mlinzi, kwa sababu ukuta ukijengwa unamzibia yeye njia. Uwanja wenu wa mpira ulikuwa kwenye ramani, lakini ulikuwa na mawe? Ulikuwa na hati kwa jina la serikali ya mtaa? Naomba mkaulize ofisi ya ardhi, hata sasa. Mchoro wa mipango miji una namba, na mabadiliko ya matumizi yana utaratibu wa kutangazwa. Kama hayakutangazwa mna hoja.

Halafu uuzaji uende kwa vipande. Denver ilimuuzia mwendelezaji kidogo kidogo, Edmonton inamuuzia mjenzi kiwanja kwa kiwanja. Mahali ambapo yote huuzwa siku moja ndipo mnunuzi anapogeuka kuwa dalali, anakaa na ardhi akisubiri bei, na mtaa hauji.

Kicukiro Juu

Muraho, nawasalimu kutoka Kigali. Nimesoma uzi wote. Sisi uwanja wetu wa Kanombe uko ndani ya jiji, na uwanja mpya unajengwa Bugesera. Ninaishi karibu, tumezoea kelele. Nauliza swali la vitendo: uwanja ukifungwa, kazi ya kwanza kabisa kwenye ardhi ni ipi? Kubomoa?

MpimaMipaka

Karibu sana ndugu wa Kicukiro. Hapana, kubomoa kunafuata baadaye. Kazi ya kwanza ni udongo.

Uwanja wa ndege ni mahali pa mafuta. Kuna matangi yaliyozikwa, kuna mabomba ya kujazia ndege, kuna karakana ambako oili na viyeyusho vya kusafishia vimemwagika kwa miongo mingi. Kuna eneo la mazoezi ya zimamoto, na pale huwa na shida ya pekee, kwa sababu povu la zamani la kuzimia moto wa mafuta lina kemikali zisizooza, zinazoshuka hadi kwenye maji ya ardhini. Huku kwenye theluji tunaongeza na dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Kabla ya mchoro wa nyumba kukamilika, toboeni mashimo ya sampuli katika maeneo hayo yote na muwe na ramani ya uchafu. Palipochafuka sana pasiwekwe nyumba wala bustani ya mboga mpaka pasafishwe, na gharama ya kusafisha ijulikane nani anaibeba wakati mwenye uwanja bado yupo na ana bajeti. Akishaondoka, mtamtafuta.

La pili, chukueni michoro ya mifereji kabla ofisi hazijafungwa. Uwanja wa ndege ni tambarare ya lami yenye mifereji ya chini iliyopangwa kuondoa maji haraka, na mitaa ya mabondeni imezoea maji yakija kwa njia hiyo. Ukibomoa bila kujua mfereji upi unaelekea wapi, mvua kubwa ya kwanza itaingia kwenye nyumba za watu ambao hawakuwa hata sehemu ya mradi. Kigali ni mji wa milima, maji yenu yana kasi. Michoro hiyo huwa kwenye makaratasi ya idara ya ufundi ya uwanja, na wazee wanaoijua hustaafu siku uwanja unapofungwa. Watafuteni wangali kazini, mtembee nao kwenye mifereji, na kila shimo lipigwe alama kwa GPS.